Harold Palmer na Uamuzi wa Kwenda Japani

Mwanachuo anayejifunza kufundisha Kiingereza hukutana mapema na lile jedwali la safu nne, ambamo mtoto huchagua neno moja katika kila safu akapata sentensi kamili. Hukutana pia na zoezi la amri na tendo: mwalimu asema, mtoto atenda. Aghalabu vitu hivi hupokewa kana kwamba vimekuwapo tangu zamani za kale, havina mwenyewe. Mtu aliyevitengeneza na kuvieneza kuliko wengine alikuwa Mwingereza, Harold Edward Palmer, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Tokyo. Tumeona vema kueleza maisha yake hapa, hasa kwa ajili ya uamuzi mmoja alioufanya akikaribia umri wa miaka 45, wa kuhamia Japani, nchi ya Asia ambayo hakuwa amepata kuishi. Uamuzi ule ulimfikisha kwenye swali ambalo kila mmoja wetu atakutana nalo siku atakayoingia darasani na mbinu nzuri mkononi.

Palmer alizaliwa London mwaka 1877. Baba yake alikuwa mwalimu, kisha akahamia Hythe, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza, akafungua duka la karatasi na vifaa vya kuandikia, na kutoa gazeti la mji. Kijana akafanya kazi katika gazeti hilo. Hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1902 alikwenda Verviers, mji wa viwanda vya sufu nchini Ubelgiji, kufundisha Kiingereza katika shule ndogo iliyofuata njia ya Berlitz. Wanachuo wanaijua njia hiyo: mwalimu hasemi ila lugha inayofundishwa, na lugha ya mwanafunzi hupigwa marufuku tangu siku ya kwanza.

Haukupita muda mrefu Palmer akafungua shule yake mwenyewe katika mji uleule, akaoa mke wa huko, akawa huru kujaribu apendavyo. Aliibadilisha njia ya Berlitz mara kwa mara, akiongeza hiki na kupunguza kile. Jambo moja alilolibaini latufaa sana sisi tunaofundisha watoto wenye lugha yao kamili. Aliona kwamba kuipiga marufuku lugha ya mwanafunzi kabisa ni kupoteza wakati. Neno ambalo mwalimu angehangaika kulieleza kwa ishara na picha robo saa nzima, tafsiri moja fupi hulimaliza, na wakati uliobaki ukatumika kwa mazoezi. Lakini tafsiri hiyo iwe mlango wa kuingilia tu, isigeuke kuwa somo lenyewe.

Vita vya mwaka 1914 viliikatiza kazi hiyo. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na mwaka uliofuata Palmer alikimbilia Uingereza na familia yake, akiiacha shule. Huko London alikutana na Daniel Jones, bingwa wa fonetiki katika Chuo Kikuu, ambaye alimwalika atoe mihadhara kuhusu mbinu za kufundisha lugha, na baadaye akampa kazi idarani mwake. Katika miaka hiyo yalitoka majedwali yake. Hesabu yake ni rahisi, na twamshauri kila mwanachuo aifanye ubaoni: jedwali la safu nne, kila safu maneno matano, hutoa sentensi 625, zote sahihi, bila mtoto kukariri hata kanuni moja ya sarufi. Mwaka 1917 Palmer alichapisha kitabu kikubwa kuhusu uchunguzi wa kisayansi wa kufundisha lugha, na mwaka 1921 vingine viwili.

Ndipo mwaliko ulipofika. Mjapani mmoja mashuhuri katika elimu, Sawayanagi Masataro, aliyewahi kuwa naibu waziri wa elimu, alikuwa akizuru Ulaya. Alitaka mtu wa kuisaidia nchi yake kurekebisha ufundishaji wa Kiingereza, akamwomba Palmer aende. Palmer akakubali, na mapema mwaka 1922 akasafiri.

Kwa nini Japani? Hapa tunatoa maoni yetu wenyewe. Uingereza ilikuwa na wataalamu wa lugha, lakini haikuwa na shule zenye haja kubwa ya kazi kama yake. Japani ilikuwa na haja hiyo. Tangu ilipoifungua milango yake kwa mataifa katika karne ya 19, Kiingereza kilikuwa somo kubwa katika shule zake za kati, ambazo vijana wa kiume walisoma kwa miaka mitano baada ya shule ya msingi. Wengi walimaliza miaka hiyo wakiweza kuchambua sentensi ngumu ya kitabuni, lakini hawawezi kuagiza chai. Kwa mtu mwenye nadharia, nchi kama hiyo ni shamba lililokwisha kulimwa linalongoja mbegu. Tena aliitwa na wenyeji; hakujipeleka. Hilo lilikuwa na uzito wake.

Alipofika aliteuliwa kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu katika mambo ya lugha, na mwezi Mei 1923 ikaanzishwa Taasisi ya Utafiti wa Ufundishaji wa Kiingereza, yeye akiwa mkurugenzi wake. Taasisi ilikuwa bado changa wakati tetemeko kubwa la ardhi lilipoikumba Tokyo na Yokohama tarehe 1 Septemba mwaka huo, likaua watu zaidi ya 100,000. Kazi ikaendelea hata hivyo. Mwaka 1924 ulifanyika mkutano wa kwanza wa walimu, na ikawa desturi ya kila mwaka. Mwaka 1925 Palmer na binti yake Dorothée walitoa kitabu cha kufundishia Kiingereza kwa vitendo. Humo mwanafunzi husikia kwanza, muda mrefu, kabla ya kutakiwa kusema. Huambiwa asimame, aende dirishani, achukue kitabu, akiweke mezani. Sikio hufanya kazi na ulimi hupumzika. Baadaye huulizwa maswali mafupi juu ya yale aliyoyatenda, na jibu humjia kwa urahisi kwa sababu maneno yamekwisha kuingia.

Lakini ushauri si amri. Wizara ilimpa Palmer cheo, haikumpa mamlaka ya kubadili mtihani. Mtihani wa kuingilia shule za juu ulidai tafsiri: kutoka Kiingereza kwenda Kijapani na kinyume chake. Mwalimu wa shule ya mkoani aliyetumia miezi yake ya kwanza kufundisha masikio alijua kwamba mwisho wa miaka mitano wazazi hawatauliza kama mtoto wao aweza kuongea. Watauliza kama amefaulu. Walimu wengi, isitoshe, walikuwa wamefundishwa kwa tafsiri nao wenyewe, na hawakuyaamini matamshi yao mbele ya darasa. Waliudhuria mikutano, wakasifu, wakarudi shuleni na kufundisha kama zamani. Hatuwezi kuwalaumu. Kwa maoni yetu kosa la Palmer, kama lilikuwa kosa, ni kwamba aliianza kazi kwenye mdomo wa mtoto, na hali mambo yalikuwa yamefungwa kwenye karatasi ya mtihani.

Lililotuvutia zaidi katika maisha yake ni yale aliyoyatenda baada ya kuliona hilo. Mtu mwingine angefungasha mizigo na kutafuta nchi nyingine ya Asia iliyo tayari kumsikiliza. Yeye alikaa miaka 14. Wenzake wa Kijapani, akiwamo Okakura Yoshisaburo, walimhimiza ashughulikie msamiati, kwa kuwa wanafunzi wao walizama katika maneno magumu ya vitabu vya kusoma. Palmer akageuka, akalifanya hilo kuwa kazi yake: maneno gani yafundishwe kwanza, yapi yangoje, na maneno gani huandamana kwa desturi. Kazi hiyo ilimfaa hata mwalimu asiyefundisha kuongea, maana kitabu chepesi cha kusoma hakigombani na mtihani.

Katika kazi hiyo alimpata msaidizi, Mwingereza kijana aliyekuwa akifundisha Kyushu tangu mwaka 1924, A. S. Hornby. Mwaka 1934 na 1935 Palmer alikutana New York na London na wataalamu wengine, miongoni mwao Michael West aliyefundisha Bengal, nchini India wakati huo, wakapatana juu ya orodha ya maneno ya msingi. Orodha hiyo, iliyotengenezwa upya na West na kutolewa mwaka 1953 ikiwa na maneno kama 2,000, imetumika katika vitabu vyepesi vya Kiingereza duniani kote.

Palmer aliondoka Japani mwaka 1936. Kabla hajaondoka, Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kilimpa shahada ya udaktari, yeye ambaye kwao hakuwa na shahada yoyote. Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha: mwanawe wa kiume aliuawa katika Vita Kuu ya Pili, na safari yake ya mihadhara Amerika ya Kusini mwaka 1944 ilikatizwa na maradhi. Alifariki nyumbani kwake Felbridge, kusini mwa Uingereza, mwezi Novemba 1949.

Hornby alibaki Tokyo akiendeleza kazi ya Taasisi na kutunga kamusi ya wanafunzi. Vita vilipoingia Japani mwezi Desemba 1941 aliwekwa kizuizini, na mwaka 1942 akarudishwa kwao. Kamusi yenyewe ilichapishwa Tokyo mwaka huohuo, katikati ya vita, na baada ya vita ikatolewa tena Uingereza. Ndiyo mama wa kamusi ile nene yenye jina la Hornby inayojulikana katika maktaba za vyuo vingi. Jina la Palmer halimo kwenye jalada lake.