Röntgen, mutu aliyetupatia radio ya kifua

Sisi wachimbaji na familia zetu hapa Kisangani, wengi tumekwisha kupigishwa radio ya kifua. Vumbi ya mawe inaharibu mapafu, na munganga hawezi kuyaona kwa macho tu. Kazi hiyo ilianza na mutu mumoja: Wilhelm Conrad Röntgen.

Alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 huko Lennep, Ujerumani, akakulia Uholanzi. Kwenye masomo ya Utrecht, mwenzake mumoja alimuchora mwalimu kwa kumucheka. Röntgen alikataa kumutaja, basi wakamufukuza yeye. Aliondoka bila diploma. Zurich wakamupokea, na mwisho akawa profesa.

Tarehe 8 Novemba 1895, kule Würzburg, alifunika chupa ya umeme kwa karatasi nyeusi. Kumbe kibao kilichokuwa pembeni kikaanza kungaa! Wiki karibu saba alijifungia, akichunguza mionzi ile inayopita ndani ya nyama na kuzuiliwa na mifupa. Juu haikujulikana, aliiita X. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mukono wa bibi yake Bertha: ilionekana mifupa na pete.

Angeweza kutajirika sana, lakini alikataa kujiandikishia haki ya kuiuza peke yake. Mwaka wa 1901 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa, na feza yake akaiachia chuo kikuu cha Würzburg. Nyuma ya vita ya 1914-1918, feza ya Ujerumani ilianguka na mali yake ikaisha. Alikufa Munich tarehe 10 Februari 1923.

Mionzi yake haikubakia ku hopitali. Nyota kubwa ikilipuka, inaacha gesi yenye moto wa mamilioni ya digri, nayo inatoa mionzi hiyo hiyo. Hewa yetu inaizuia isifike chini, ndiyo maana wanaitafuta kule juu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya, walirusha satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo. Siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, basi wakaiita Uhuru.

Leo, kwa mionzi hiyo, wataalamu wanaona chuma ndani ya mabaki ya nyota. Chuma cha beleshi zetu pia kilipikwa na nyota za namna hiyo, zamani sana. Tumelijua hilo kwa njia ya kijana aliyefukuzwa masomo, na hakutuomba hata franga moja.