Asbjørn Følling: Daktari aliyepuuza kila kitu isipokuwa swali la mama

Mwaka 1934, mama mmoja wa Norway alimfuata Dk Asbjørn Følling mjini Oslo. Wanawe wawili walikuwa na ulemavu wa akili, mkojo wao una harufu ya ajabu, na madaktari wengine walishashindwa kumpa jibu.

Følling, aliyezaliwa 1888, alisomea kemia kabla ya udaktari. Akaudondoshea mkojo ule kloridi ya chuma, ukageuka kijani. Akachunguza mpaka akakuta asidi isiyotakiwa kuwemo. Kisha akapima wagonjwa wengine 430. Wanane walikuwa nayo.

Baadaye ikajulikana tatizo liko kwenye ini. Kimeng'enya kinachobadilisha amino asidi ya fenilalanini kuwa tairosini hakifanyi kazi, hivyo fenilalanini inajaa kwenye damu na kuharibu ubongo. Ugonjwa huo, PKU, ni wa kurithi.

Kwa wale watoto wawili, muda ulishapita. Ila miaka ya 1950 kikapatikana chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo, na miaka ya 1960 kipimo cha tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga.

Følling alifariki 1973. Leo mtoto wa PKU akigundulika mapema, anakua na akili timamu.