Agricola, tabibu aliyesoma siri ya madini

MSOMI aliyetoa maelezo ya kwanza yenye mashiko kuhusu chimbuko la madini ya miambani alikuwa tabibu, na alipofariki, mji aliowahi kuuongoza ulimnyima kaburi.

Georgius Agricola alizaliwa 1494 mjini Glauchau, Saxony, nchini Ujerumani. Jina lake halisi lilikuwa Georg Bauer, yaani mkulima, nalo akaligeuza kuwa la Kilatini kama walivyofanya wasomi wa enzi hizo.

Baada ya kusomea utabibu nchini Italia, mnamo 1527 aliajiriwa kuwa daktari wa mji wa Joachimsthal, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Sarafu za thaler zilizotengenezwa kwa fedha ya huko ndizo zilizozaa neno dola.

Alipomaliza kuwatibu wachimbaji, Agricola alishinda migodini na kwenye matanuri. Katika milima hiyo ya Erzgebirge, risasi, zinki, shaba na fedha hupatikana katika mshipa mmoja wa jiwe, zikiwa zimeshikana na salfa.

Wanajimu walidai nyota ndizo zilizootesha metali ardhini. Agricola aliwapinga hadharani katika kitabu chake cha 1546. Kwake yeye, mwamba hutangulia, kisha hupata nyufa, na maji yapitayo humo huacha madini.

Si kwamba alipatia kila jambo. Alidhani joto la chini ya ardhi hutokana na lami inayoungua, na aliamini kuwa migodi ina pepo wabaya.

Hata hivyo, msingi wa hoja yake umesimama. Maji moto ya kina kirefu huyeyusha metali na kupanda nazo kupitia nyufa. Yanapopoa, metali hizo huungana na salfa na kuganda pamoja. Mnamo 1979, wanasayansi waliozama hadi sakafu ya Bahari ya Pasifiki, karibu na Mexico, waliikuta kazi hiyo ikiendelea: maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 300 yakijenga dohani za mawe ya shaba, zinki na chuma.

Mawe ya jamii hiyo ndiyo yaliyochimbwa Macalder, Nyatike, hadi miaka ya 1960.

Agricola alihamia Chemnitz, akawa meya mwaka wa 1546. Mji ulikuwa umefuata mageuzi ya Luther, ilhali yeye alibaki Mkatoliki. Alipofariki Novemba 1555, alikataliwa kuzikwa huko, ikabidi maiti yake isafirishwe hadi Zeitz na kuzikwa katika kanisa kuu.

Kitabu chake mashuhuri, De Re Metallica, kilichapishwa 1556 bila yeye kukiona. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza 1912 na mhandisi wa migodi Herbert Hoover akishirikiana na mkewe, Lou Henry, miaka 17 kabla ya Hoover kuapishwa kuwa Rais wa Marekani.