Munzihirwa, askofu mwenye alibaki Bukavu

Mwezi wa 6 mwaka 1971, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, walikumbuka wenzao wenye waliuawa na jeshi mwaka 1969. Mobutu alikasirika, akawaingiza jeshini kwa nguvu. Padri mmoja Mjezuiti, mzaliwa wa Burhale huku Walungu, aliomba aandikwe askari pamoja nao. Hakuna mtu alimulazimisha. Huyo ndiye Christophe Munzihirwa.

Alizaliwa 1926, akapata upadri 1958. Kisha kuwa askofu wa Kasongo, mwaka 1995 akawa askofu mkuu wa Bukavu, wakati muji ulijaa wakimbizi toka Rwanda. Yeye silaha yake ilikuwa barua na mahubiri. Alikemea wanajeshi wa Zaire wenye walipora raia. Alikemea pia wenye walileta vita toka ng'ambo ya mupaka. Na aliomba wakimbizi wote wasihesabiwe kuwa wauaji juu ya wauaji wenye walikuwa kati yao. Ile miaka, kusema hivyo ni kujitafutia maadui kila upande.

Oktoba 1996 vita ikafika muji. Wakubwa wa serikali na wa jeshi wakakimbia. Yeye akabaki, akiomba watu watulie na wasaidiane. Tarehe 29, magaribi, gari yake ilisimamishwa pale Nyawera. Alishuka na musalaba mukononi. Wanajeshi wakamuua, maiti ikalala barabarani usiku muzima. Kaburi lake liko kwenye kanisa kuu la Bukavu.