Robert Owen na Watoto wa New Lanark

Najua kurasa hizi huwa za marais na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua tajiri wa kiwanda, na usishangae.

Robert Owen alizaliwa tarehe 14 Mei 1771 mjini Newtown, Wales. Alipokuwa na miaka 10 tu aliondoka nyumbani akaenda kujifunza kazi ya duka la nguo. Kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa amekwisha kuwa msimamizi wa viwanda vya nyuzi za pamba vya New Lanark, Uskoti, alivyovinunua pamoja na wenziwe kwa David Dale. Mwaka huohuo wa 1799 akamwoa Caroline, binti wa Dale. Haya, bahati ya mtu!

Alikuta huko watoto wapatao 500 waliotolewa katika nyumba za maskini, wengi hawajafika miaka 10. Walifanya kazi saa 13 kwa siku, saa za kula zikiwemo, ndipo waende darasani usiku. Sasa mtoto kama huyo atasoma nini, kama si kusinzia?

Owen akakataa kupokea watoto wengine wa aina hiyo, na walio chini ya miaka 10 akawazuia kufanya kazi. Lakini mama akishinda kwenye mashine, mdogo wake aachiwe nani? Owen alitaka kujenga shule. Washirika wake waling'aka, ati pesa zao zinachezewa. Mwaka 1813 kiwanda kikapigwa mnada, naye akakinunua tena pamoja na washirika wapya, akiwemo Jeremy Bentham.

Basi, tarehe 1 Januari 1816 jumba likafunguliwa. Mtoto alipokelewa mara tu alipoweza kutembea. Walimu wa wadogo walikuwa James Buchanan, mfumaji asiye na kisomo kikubwa, na Molly Young, msichana wa miaka 17. Sharti lao kuu lilikuwa moja: wasimpige mtoto wala kumkaripia. (Wenzangu, msinitazame hivyo!) Watoto waliimba, wakacheza dansi na kutazama picha za wanyama. Vitabu vilingoja. Kina mama walikwenda kazini roho zimetulia, na faida ya duka la kiwanda, ambalo bei zake zilikuwa nafuu, ilisaidia kulipia shule.

Hata hivyo, Owen hakuwa malaika. Alimtundikia kila mfanyakazi kijiti chenye rangi nne za kuonyesha mwenendo wake wa jana, cheusi kikiwa kibaya kuliko vyote. Kumbe hata watu wazima walikuwa na monita!

Yeye mwenyewe alijua kwamba wema wa tajiri mmoja hautoshi, kwa hiyo akaliendea Bunge. Sheria ya 1819 ilipitishwa ikiwa imekatwakatwa: ilihusu viwanda vya pamba pekee, iliruhusu watoto wa miaka 9, na haikuwa na wakaguzi wa kulipwa. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana alitaka ulezi wa watoto uwe jambo la serikali. Kwetu Kenya, ni Katiba ya 2010 iliyozikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto.

Kijiji chake cha New Harmony, Marekani, alichokinunua 1825, kilivunjika kufikia 1827 na kummalizia mali nyingi. Alirudi kufia Newtown tarehe 17 Novemba 1858, akiwa na miaka 87. Jumba la shule ya New Lanark lingali limesimama.