Jean Depara, fundi wa saa aliyehifadhi usiku wa Kinshasa

Siku hizi Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, picha inapigwa kila dakika. Kijana wa moto anangojea abiria, anatoa simu, anajipiga. Mama anayepeleka bidhaa Gatumba anapigwa na mwenzake, na kabla jua halijazama picha imekwisha kufika Bukavu na Lubumbashi. Lakini ziko familia nyingi za Uvira ambazo hazina hata picha moja ya barabara hiyohiyo kabla ya miaka 60. Vita vya 1964, vya 1996 na vya 1998 viliwakimbiza watu mikono mitupu. Aprili 2020 mto Mulongwe ukabeba manyumba na vilivyokuwa ndani. Mwaka wa 2024 ziwa Tanganyika lenyewe likapanda na kuingia katika mitaa ya Kavimvira. Mtu akikimbia maji anabeba mtoto, godoro na sufuria. Albamu ya picha inabaki ukutani.

Kwa hiyo anayetaka kuona namna Wakongomani walivyotembea, walivyovaa na walivyocheza mjini zamani, mara nyingi anaishia kwenye kazi ya watu wachache tu. Mmoja wao ni Lemvo Jean Abou Bakar Depara, anayejulikana zaidi kwa jina la Jean Depara.

Depara hakuzaliwa Kongo. Alizaliwa mwaka wa 1928 Kibokolo, kaskazini mwa Angola, katika eneo la Wakongo ambalo mpaka wa wakoloni uliligawanya. Watu wa kule walivuka kuja upande wa Wabelgiji kutafuta kazi, sawasawa na vile watu wa bonde la Rusizi wanavyovuka kwenda na kurudi mpaka leo. Wapiga picha wengi wa kwanza Waafrika katika Kongo ya Wabelgiji walitoka Angola. Antoine Freitas, kwa mfano, alikuwa akizunguka Kasai na sanduku lake la picha tangu miaka ya 1930.

Kamera ya kwanza ya Depara ilikuwa Adox ndogo, aliyoinunua mwaka wa 1950 kwa ajili ya arusi yake. Mwaka uliofuata akahamia Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa tangu 1966. Hakufika kama msanii. Alitengeneza velo, saa na kamera, na aliuza vyuma vikuukuu. Picha ilikuwa kibarua kimoja kati ya vingine, na pengine hiyo ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu fundi wa velo anajulikana na mtaa mzima, anapiga hodi popote, na hakuna anayemwogopa.

Mwaka wa 1954 mlango wake ukafunguka. Franco Luambo alimwomba awe mpiga picha wake. Leo tukisikia jina hilo tunamwona mzee mnene wa TPOK Jazz, mwenye gitaa na sifa za Afrika nzima. Wakati ule Franco alikuwa kijana wa miaka 16 hivi, ametoka tu kurekodi nyimbo zake za kwanza katika studio ya Loningisa, na OK Jazz haijazaliwa. Ilianzishwa mwaka wa 1956. Kwa hiyo haikuwa mashuhuri kumpa maskini kazi. Ni vijana wawili waliokuwa wakipanda pamoja.

Kwa kumfuata Franco, Depara aliingia katika mabaa na madansi ya usiku. Akafungua studio yake, akaipa jina la Jean Whisky Depara, jina ambalo peke yake linaeleza wateja walikuwa watu gani. Mchana alipiga picha studioni na barabarani; usiku alitembea na flash kutoka baa hadi baa. Filamu iligharimu pesa. Kila kubonyeza kulikuwa na bei, si kama simu inayopiga mara 40 na kufuta 39. Ndiyo maana katika picha zake watu wanaonekana wamejitayarisha: tai imenyooka, kiatu kinang'aa, kikwembe kimefungwa vizuri, chupa za bia zimepangwa mezani zionekane.

Ukizitazama moja moja unaona mji mzima. Wapo vijana walioitwa Bills, waliojaa mapenzi ya filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizoonyeshwa katika cité. Walichukua jina la Buffalo Bill, wakavaa kofia na mashati ya mtindo huo, na wakajitungia lugha yao. Wapo wanaume waliovua mashati ili kuonyesha misuli. Wapo walioegemea gari, na si lazima gari liwe lao. Wapo pia akina mama wa vyama vilivyoitwa moziki, marafiki wanaochangiana pesa na kushona vikwembe vya aina moja, jambo ambalo mama yeyote wa likelemba katika Uvira atalielewa bila kuelezwa.

Wanawake hao wanastahili kutazamwa mara mbili. Chini ya Wabelgiji, mwanamke aliyekaa mjini bila mume aliandikwa katika daftari na kutozwa kodi ya peke yake, kama vile maisha yake ni kosa. Si mambo ya Léopoldville tu. Ng'ambo ya Rusizi, Usumbura ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu wa Buyenzi waliigomea kodi hiyo katika miaka ya 1950. Katika picha za Depara, wanawake wasio na bwana pembeni wameketi mezani na kuitazama kamera bila kuinamisha uso. Kuna watu watakaoona uasherati pale. Lakini picha hizo zinaonyesha pia watu waliokataa kujificha, katika mji ambamo hata mwanaume mweusi hakuruhusiwa kutembea mtaa wa Wazungu usiku bila ruhusa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mpiga picha wa magazeti angekimbilia mawaziri na hotuba. Faida kubwa ya Depara kwetu ni kwamba aliendelea kuwapiga watu wa kawaida. Wakati huo Léopoldville ilikuwa na wakaaji kama 400,000. Leo Kinshasa imepita milioni 15. Ule mji ambamo kijana wa velo anamjua mwanamuziki na wote wawili wanamjua mwenye baa, hauko tena.

Tena haukumalizwa na wingi wa watu peke yake. Mobutu alibadilisha jina la inchi kuwa Zaire mwaka wa 1971, kisha ikafuata siasa ya authenticité. Suti na tai zikatupwa, wanaume wakavaa abacost. Wanawake wakakatazwa kuvaa suruali, mini na nywele za bandia. Majina ya Kikristo yakafutwa. Karibu kila kitu ambacho Depara alikuwa amekipiga usiku kikawa kwa ghafla kitu cha kukemewa. Serkali haikuchoma picha zake. Iligeuza tu maisha yaliyokuwa ndani yake kuwa ya zamani, katika muda wa miaka miwili mitatu.

Yeye mwenyewe akaingia upande wa serkali. Tangu 1975 mpaka 1989 alikuwa mpiga picha rasmi wa bunge la Zaire. Ni miaka 14 ya mshahara, na hakuna wa kumlaumu, lakini si kwa kazi hiyo anakumbukwa. Alistaafu mwaka uleule ambao Franco alikufa, Oktoba 1989. Akafariki Kinshasa mwaka wa 1997, mwaka ambao vita vilivyopitia Uvira vilifika mji mkuu na kumwondoa Mobutu.

Sifa kubwa zilimpata akiwa kaburini. Revue Noire, nyumba ya vitabu ya Paris iliyotafuta wapiga picha wa Afrika, ilitoa mwaka wa 2010 kitabu cha picha zake za Kinshasa usiku na mchana, kuanzia 1951 mpaka 1975. Mwaka wa 2015 picha zake zilitundikwa katika Fondation Cartier, Paris, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Nyingine zimo katika mikusanyo ya matajiri wa Ulaya. Zimetunzwa, hilo ni kweli, na tukikumbuka albamu zilizokwenda na maji ya Mulongwe ni vigumu kulalamika. Ila mwanafunzi wa Uvira anayetaka kuziona kwa macho yake anahitaji pasipoti na viza.

Kuna upungufu mwingine ambao viza haiwezi kuuponya. Picha nyingi za Depara zinaonyeshwa bila kichwa na bila majina, na mwaka unakisiwa tu, kati ya 1955 na 1965. Franco anatambuliwa na kila mtu. Msichana aliyeketi karibu na meza yake, aliyelipa pesa yake apigwe picha hiyo na pengine akaituma kwao kijijini, hatambuliwi. Kama alikuwa na miaka 20 mwaka wa 1955, leo angekuwa na miaka 90 hivi.