Hermann Lehmann, munganga mukimbizi aliyefuata SS tangu Bwamba mpaka ndani ya hemoglobini

Pale Mokambo, barabara inavuka mupaka na kushuka upande wa Mufulira, Zambia. Kila siku kunapita kamyo za shaba, wachuuzi wa unga, na wamama wenye kubeba mutoto mugonjwa, wanatafuta lopitalo upande huu ao upande ule. Mutoto analia mifupa, macho yamekuwa manjano, damu imepunguka tena. Mu familia watu wanaanza kunyoosheana kidole: nani amemuroga? Kisha karatasi ya laboratwari inarudi na herufi mbili tu: SS.

Juu ya zile herufi mbili ziweze kuandikwa, na juu munganga aweze kueleza zinaleta maumivu namna gani, watu wengi walitumika miaka mingi. Mumoja wao ni Hermann Lehmann. Hakuwa Mwafrika, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilianzia karibu na kwetu, kwenye bonde la Semuliki.

Kijana aliyefukuzwa na Hitler

Lehmann alizaliwa mwaka wa 1910 katika muji wa Halle, Ujerumani. Ni mwaka uleule ambao James Herrick, munganga wa Chicago, aliandika mara ya kwanza juu ya mugonjwa mwenye chembe za damu zilizopindika sawa mundu.

Lehmann alisomea uganga. Lakini alikuwa Muyahudi, na Hitler alipokamata utawala mu 1933, milango ilianza kufungwa mbele ya Wayahudi. Cheo chake cha udaktari alikipata Basel, inchi ya Uswisi. Mu 1936 akahamia Cambridge, Uingereza. Hata kule hakupumzika. Vita ya pili ya dunia ilipopamba moto, Waingereza walifunga watu waliotoka Ujerumani, hata wale waliomukimbia Hitler. Lehmann naye akafungwa. Alipoachiliwa, kisha muda fulani akaingia jeshi la Uingereza kama munganga, akatumwa India. Huko alikutana na kazi ambayo haikumuacha tena: kupunguka kwa damu.

Vioo viwili na tone la damu

Kisha vita alifika Kampala, kwenye shule kubwa ya Makerere, kuchunguza anemia na njaa. Ilikuwa kati ya 1947 na 1949. Pale alitumika pamoja na Alan Raper, munganga wa laboratwari. Wakaanza kuzunguka Uganda kutafuta watu wenye chembe za mundu.

Njia ilikuwa rahisi. Unatoboa kidole, unaweka tone la damu kati ya vioo viwili, unaziba pembeni ili hewa isiingie, unangoja. Oksijeni ikiisha, chembe za mutu mwenye alama zinajikunja mbele ya macho yako.

Matokeo waliyoyatangaza mu 1949 yalishangaza. Kati ya Bahima, wafugaji wa ng'ombe, wenye alama walikuwa wachache sana. Lakini kwa Baamba, chini ya milima ya Ruwenzori, ng'ambo tu ya Beni na Ituri, walikuwa karibu 45 kwa kila watu 100. Na wengi wao walikuwa wazima kabisa, wanalima, wanazaa. Leo tunajua sababu: walikuwa AS. Walirizi alama kutoka kwa muzazi mumoja tu.

Mahali alipokosea

Hapa inafaa kusema ukweli wote. Lehmann alitaka kusoma damu sawa kitabu cha historia ya makabila: nani alitoka wapi, nani alioana na nani. Kisha kuona alama ileile kwa watu wa milima ya Nilgiri, kusini mwa India, akafikiri kwamba ilitoka Asia, ikapita Uarabuni, ikafika Afrika ya mashariki pamoja na wahamiaji.

Jibu la kwa nini alama imejaa hapa na kukosekana pale halikuwa katika ukoo. Lilikuwa katika mbu. Hata mu Zambia jirani, siku zile Rhodesia ya Kaskazini, munganga E. A. Beet alikuwa ameona tangu 1946 kwamba watu wenye chembe za mundu walikuwa na malaria kidogo kuliko wengine. Mu 1954 Anthony Allison, aliyekomalia Kenya, alionyesha wazi kwamba alama moja inakinga mutoto na malaria kali. Pale malaria ni nyingi, AS wanapona, na alama inabaki. Lakini ukirizi alama mbili, ni ugonjwa.

Kuangalia ndani ya hemoglobini

Lehmann alirudi Uingereza na kuendelea kukusanya damu zenye hemoglobini zisizo za kawaida. Zilimufikia toka pembe zote za dunia. Tangu 1963 alikuwa Cambridge, anaongoza kikundi cha uchunguzi wa hemoglobini hizo. Na mu muji uleule kulikuwa Max Perutz, mukimbizi sawa yeye, aliyetoka Austria. Perutz alikuwa amemaliza zaidi ya miaka 20 akitafuta kujua hemoglobini ina umbo gani.

Hemoglobini ni protini yenye kubeba oksijeni katika damu. Ina minyororo 4, na kila munyororo ni sawa shanga zilizofungwa kwenye uzi. Kila shanga ni asidi amino. Kwa jumla ziko 574. Lakini uzi haukai wima. Unajikunja na kujikunja tena, mpaka shanga ya mbali inakuja kugusana na shanga ingine. Ule mugusano ndio unaoshikilia umbo lote.

Mu 1968, Lehmann na Perutz walikaa na orodha mbili. Lehmann alikuwa na orodha ya makosa: mugonjwa huyu, shanga fulani imebadilishwa na ingine. Perutz alikuwa na umbo: kila shanga iko wapi, inagusana na nani. Wakalinganisha kosa moja moja.

Waliona kwamba shanga ikibadilika juu, upande wa inje, mara nyingi mutu hasikii kitu. Ikibadilika ndani, mahali chuma cha damu kimekaa, ao pale munyororo mumoja unashikana na mwenzake, matata yanaanza. Hemoglobini ingine inavunjika, ingine inakataa kuachilia oksijeni. Tangu siku hiyo munganga aliweza kusema kwa nini kosa moja linaua na lingine halifanyi kitu.

Na SS? Hiyo ilisumbua kidogo, kwa kuwa kosa lake liko inje. Vernon Ingram, naye mukimbizi toka Ujerumani, alikuwa amelipata Cambridge miaka kumi na moja ao zaidi mbele: shanga ya 6 ya munyororo wa beta, asidi ya glutamiki, imebadilishwa na valini. Ile ya kwanza inapenda maji. Valini inakimbia maji. Hemoglobini ikiachilia oksijeni, inafungua kishimo kidogo pembeni yake, na valini ya hemoglobini jirani inaingia mule na kunasa. Wachunguzi waliona mugusano huo waziwazi katika miaka ya 1970. Moja inanasa kwa ingine, na ingine, mpaka inakuwa mustari mrefu sawa kamyo kwenye mupaka siku barabara imefungwa. Mustari huo ndio unaokunja chembe, chembe zinaziba mishipa midogo, na mutoto analia mifupa.

Alichoacha

Lehmann alifariki mu 1985, akiwa na miaka 75. Hakuacha dawa ya kumaliza SS. Aliacha kitu ambacho familia ya Mokambo, ya Bunia ao ya Beni inaweza kutumia leo: ujuzi kwamba ugonjwa huu hautoki kwa shangazi wala kwa mama mukwe.

Unatoka kwa baba na mama wote wawili, bila kosa la mutu. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mutoto SS, na nafasi hiyo hairudi nyuma hata kama wa kwanza alikuwa muzima. Kipimo cha damu mbele ya ndoa kinaonyesha. Na mutoto SS aliyejulikana mapema, akipata chanjo, kinga ya malaria, maji ya kutosha na munganga wa kumufuata, anaweza kukomaa.

Lehmann mwenyewe alifukuzwa kwao juu ya damu ambayo watu walisema ni mbaya. Alimaliza maisha yake akionyesha tofauti ya damu ya mutu na mwenzake iko wapi kweli. Kwa SS, ni shanga moja tu mu munyororo wa shanga 146.